Lori la Saidi na Duara la Njano

Safari hii ilitokana na mdogo wangu Zainabu. Alikuwa anaolewa Kilwa Masoko, Ijumaa baada ya sala, na tangu baba alipofariki walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, ni mimi. Ningeweza kumpa sheikh wakala wa kuozesha kwa niaba yangu, kwa simu, lakini Zainabu aliapa kuwa haozwi na simu.

Rutamba kwetu, Ijumaa hiyo asubuhi mapema. Tulimpakia shangazi yetu, Bi Somoe, pamoja na masufuria na magodoro, kwenye lori la binamu yangu Saidi. Lori hilo lilistaafu jeshini, Saidi akalinunua mnadani. Alilipaka bluu lote, isipokuwa duara la njano lenye namba pale mbele. Hilo alilibakiza kwa mapozi. Tena akaandika upya juu yake: arobaini. Aliamini namba ile ni cheo cha gari, na kwa nini ajinyime cheo?

Barabara kuu tulikwenda raha mustarehe. Bi Somoe aliimba nyimbo za harusi, Saidi akapiga honi kila kijiji, nami nikakariri maneno ya kuozesha na kuyasahau kila tuliporuka shimo.

Mtoni, mambo yakageuka. Mafuriko yalikuwa yamechukua daraja, na wanajeshi wakaweka la chuma la muda. Pembeni palikuwa na duara la njano kama letu, limeandikwa ishirini. Koplo wa zamu akanyoosha mkono.

"Hili halivuki. Daraja ishirini, gari arobaini."

Saidi akacheka. "Afande, kilori hiki? Si uangalie namba ya usajili."

"Namba ya usajili inaniambia gari ni la nani. Hii ya njano inaniambia uzito, na jinsi magurudumu yanavyougawa. Arobaini ni kifaru, ndugu yangu. Nani alilipima?"

"Niliandika mwenyewe," Saidi akasema, akitazama viatu vyake.

"Basi umejizuia mwenyewe. Mimi naamini iliyoandikwa jeshini."

Nilimkasirikia Saidi. Nilimfikiria Zainabu amekaa na hina yake, anauliza kama kaka amefika.

Bi Somoe akashuka. Koplo akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya jeshini si iko chini ya hii?"

Hakungoja jibu. Alichukua chupa ya mafuta ya taa na kanga kuukuu, akasugua arobaini ya Saidi huku akimsema tangu utoto wake. Chini yake ikatokea nane.

Koplo alizunguka lori, akakagua mzigo na matairi, akashindwa kuzuia kicheko. "Nane. Piteni polepole, msisimame katikati."

Kilwa Masoko, watu walikuwa wanatoka msikitini. Nilimshika bwana harusi mkono na maneno yote yakaja, ila jina la baba nililitaja mara mbili.

Kesho yake, tukirudi, Saidi alinunua rangi. Nikajua anarudia mambo yake. Kumbe aliipaka upya ile nane, safari hii kwa unadhifu.

Mtoni tulikuta malori makubwa, yaliyozidi ishirini, yamepangwa kando, madereva wamelala chini ya tela. Koplo alituona kwa mbali akatupungia tupite. Saidi hakupiga honi.

"Kaka," akaniuliza tulipofika ng'ambo, "hawa wenye namba kubwa, wao wanafika lini?"