Kitabu cha Kiyahudi Alichokifua Mama

Harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hunitoa machozi hadi leo. Mnisamehe, wengine hulizwa na vitunguu.

Nilizaliwa Manfuha, Riyadh, katika chumba tulichoishi na Wakenya wengine watano, akina mama waliotoroka nyumba walikofanya kazi. Hakuna aliyekuwa na ikama, kibali cha kuishi kule, nami sikuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa. Nilikuwa na kitabu kimoja tu. Mama alipewa na familia ya wageni aliyokuwa akiifulia, siku walipohama. Kilikuwa kitabu cha watoto cha Kiyahudi: msichana na bibi yake wanasuka mkate wa Ijumaa, wanawasha mishumaa miwili, wanamngojea baba. Kiingereza juu, Kiebrania chini. Nyuma palikuwa na picha ya mwandishi, mama mzee wa miwani, anacheka. Nilimwita Nyanya na kumwamkia kila asubuhi. Mama alinifundisha kusoma kwa kitabu hicho, na tulipofika kwenye mkate alisema chapati, maana mkate wa kusukwa kama nywele hakuuamini.

Nilipofika miaka saba, Mama alichoka kujificha. Ilisemekana kwamba Jeddah, ukikaa chini ya daraja la Kandara, askari huja kukuchukua na kukurudisha kwenu. Tukafunga begi. Anti Akinyi, tuliyekuwa tukilala naye mkeka mmoja, akakiona kitabu.

"Mama Neema, wakipata hiyo maandishi ya Kiyahudi kwa bag, halas! Hamtaenda home. Tupa!"

Mama hakukitupa. Alisema hakuna doa lisilotoka, kuna mfuaji aliyechoka. Akamimina dawa kwenye beseni, akaanza kuyasugua yale maandishi ya chini kwa mswaki, polepole, ili Kiingereza kinibakie. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutoa madoa. Maandishi hayakutoka. Karatasi ndiyo iliyotoka, ikawa uji mikononi mwake, pamoja na Nyanya na miwani yake. Nililia mpaka nikatapika. Njia nzima hadi Jeddah sikumsemesha.

Siku ya tatu pale darajani, askari walikuja. Mmoja akaniinamia, akaniuliza kwa Kiarabu, tena kwa upole, "Huyu ni mama yako?"

"La," nikasema.

Nilitaka aumie kidogo tu, kama nilivyoumia mimi. Wakatutenganisha papo hapo. Nilipoona anapelekwa kwenye gari jingine nilipiga kelele kwamba ni mama yangu, wallahi ni mama yangu, lakini nani angeniamini sasa? Siku tisa nililala kati ya watoto nisiowajua, nikimwomba Mungu achukue vitabu vyote duniani anirudishie Mama. Siku ya kumi akaletwa, sauti imemkauka kwa kuniita. Hakunigombeza. Alinikagua vidole, kimoja kimoja.

Leo nami nina mtoto, na cheti chake nimekifungia kabatini. Mama hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba mimi ni wake. Alikuwa na neno langu tu, nami nilimnyima kwa ajili ya kitabu ambacho mwenye busara angekitupa, lakini yeye, kwa kunipenda, alikifua.