Mfu Aliyekataa Kufufuka

Jumapili alasiri nilikwenda mtaa wa Kasungami kutazama mieleka. Mpiganaji mmoja, mama mwenye mabega mapana, alirushiwa unga wa dawa ya uchawi na mpinzani wake, akaanguka chali, amekufa. Sisi wazoefu tunajua kinachofuata: mwenye kampuni ya mieleka hunyunyiza maji, mfu hufufuka, nasi tunashangilia.

Maji yakanyunyizwa. Mama hakutikisa hata kidole.

Nilikuwa karibu na kamba za ulingo, nikamsikia mwenye kampuni akinong'ona kumsihi aamke, watu wanangoja: "Mama, lamuka. Bantu banangoya."

Mama akajibu bila kufumbua macho, "Patron, bega yangu ilivunjika mu mieleka ya ku Sakania, ukasema nijitunze miye mwenyewe, ati hii ni muchezo. Bon. Leo nilikufa. Unizike."

"Tutaongea ku biro yangu, hapana mbele ya bantu."

"Ongea hapa, mu mikro, bantu bote basikie. Sema kila mwenye kuvunjika ku kazi yako, weye njo utamupeleka ku hopitali."

Yule bwana akawachekea watazamaji, kisha akammwagia ndoo nzima. Mama akameza yaliyomwingia kinywani, akabaki mfu.

Mpinzani wake, aliyekuwa bado anapunga mikono ya ushindi, akaweka chini kopo lake la unga na kujilaza kando yake. "Na miye nilikufa," akasema.

Wasomaji wengine wa safu hii huniambia mieleka ni uongo mtupu. Dawa ni uongo, nakubali. Ule ni unga wa mihogo. Bega ni la kweli. Na mpiganaji wa tatu alipopanda ulingoni akitafuta pa kulala, mwenye kampuni aliomba mikro.