Dresa Ngwali na Watu Waliosikia Kila Kitu

Barua ya tatu kutoka Uingereza ilikuwa na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi. Ngwali aliisoma amesimama mlangoni mwa stoo ya zahanati, bakuli la dawa ya vidonda likiwa bado mkononi, na kila mstari ulimpandisha damu. Mwalimu wake, mtu asiyemjua hata kwa sura, aliandika kwamba majibu ya watu kumi na wawili waliopimwa masikio huko Kengeja hayaaminiki. Kwa majibu hayo, wote wanasikia vizuri kuliko mwalimu mwenyewe. Basi kwa nini mwanafunzi anawaita viziwi?

"Na mie si ndilo ninalouliza!" Ngwali aliijibu karatasi.

Ulikuwa mwaka 1961. Ngwali bin Jecha alikuwa dresa, mtu wa kuosha vidonda na kufunga bendeji, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja katika zahanati ndogo ya kusini ya Pemba. Kwa miaka miwili sasa alikuwa akisoma kwa posta ufundi wa vyombo vya kusikilizia, vile wanavyovalishwa watu wenye masikio mazito. Asubuhi vidonda, alasiri vidonda, na saa ya chakula, wenzake wakienda kula, yeye hujifungia stoo na vitabu vyake baina ya marobota ya pamba na madebe ya dawa. Bwana Othman, mkuu wa zahanati, alimpa stoo ile kwa sharti asichelewe kazini hata dakika moja. "Yakhe, Mpemba akitaka kusikia atasikia tu," alizoea kumwambia, halafu akacheka peke yake.

Aliyemtia Ngwali katika shughuli hii ni mama yake. Bi Mwanawema ndiye aliyekuwa akiongoza maulidi ya wanawake pale Kengeja, na sauti yake ilikuwa ikifika barabarani. Kisha homa ikamlaza mwezi mzima, akanyanyuka na uzima wake wote isipokuwa masikio. Siku moja maulidini alianza kaswida wenzake wakiwa katikati ya dua. Wanawake wakatazamana, na yeye akawaona wanavyotazamana. Hakwenda tena. Akawa mtu wa kukaa uwani akimenya muhogo, na anayemsemesha humchekea tu. Kile kicheko kilimuuma Ngwali kuliko kama angekuwa analia.

Chuo kilimwazima chombo kimoja kwa miezi mitatu: kisanduku cha kuvaliwa kifuani, waya, na kidude cha kupachika sikioni, pamoja na vijiwe vidogo vya betri vya kukiwasha. Amvishe mtu mmoja na kila mwezi aandike ripoti yake. Tena apime watu kumi na wawili kwa chuma cha meno mawili, kile kinacholia kikigongwa. Akifaulu, atapata cheti na chombo kitabaki kwake. Akishindwa, chombo kinarudi kwa posta. Ngwali hakuwa na haja ya kufikiri amvishe nani.

Ripoti za mama ndizo pekee zilizosifiwa. "Mama, wasikia?" alimuuliza mwezi wa kwanza. "Nnasikia, mwanangu, Mngu akuweke." Mwezi wa pili jibu lilikuwa lile lile, na mwalimu aliandika pembeni kwamba hiyo ni kazi nzuri. Kasheshe ilikuwa kwa wale kumi na wawili.

Kitabu kilisema mgonjwa ampe mpimaji mgongo, na kila akisikia mlio anyanyue kidole. Kitabu hakikumjua Mpemba. Mtu katoka kwao kwa miguu, dresa wa watu kaacha chakula chake, anahangaika na chuma chake nyuma huko, halafu amwambie hakusikia kitu? Adabu gani hiyo? Wote walinyanyua vidole. Bibi mmoja alikinyanyua akakaa nacho juu mpaka mwisho, asije akamvunja moyo kijana wa watu. Ngwali akajaribu maneno badala ya chuma. "Nimesema nini, Bi Kazija?" alimuuliza, akiwa amemwinamia sikioni. "Hayo hayo uliyosema, mwanangu," akajibu Bi Kazija. Ngwali alitamani kulia.

Siku ile ya barua ya tatu zamu ya kupimwa upya ilikuwa ya Mzee Mmanga, mvuvi wa Kisiwa Panza. Mzee alikaa kitini, akatoa mgongo, na kabla Ngwali hajafanya lolote, kidole kikapanda. Chuma kilikuwa bado mfukoni! Hasira zikamjaa Ngwali, akaegemea ukuta wa nyuma na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Watu wa Kisiwa Panza hawajui hata kushona nyavu."

"Nimesikia, dakta," alisema Mzee Mmanga kwa upole.

Ngwali akaduwaa. Hajazaliwa mtu wa Kisiwa Panza atakayelisikia neno lile kisha akasema kwa upole. Akapiga hatua moja mbele, akalirudia. Kidole. Hatua nyingine. Kidole. Alipofika futi mbili, mzee aliruka, kiti kikaanguka kule.

"Nani asojua kushona nyavu? Babako Jecha nani kamfunza kushona? Si mie?"

"Futi mbili, Mzee Mmanga!" Ngwali alimkumbatia. "Futi mbili!" Mzee alijinasua, akaondoka akimwombea Mungu amponye akili.

Baada ya hapo hakugonga chuma tena. Watu wa Chokocho, kijiji cha jirani, aliwaambia migomba yao haizai. Bi Kazija aliambiwa biriani ya harusi ya bintiye ilikuwa mbichi, akamwita mshenzi kutoka futi nne. Kwa wiki mbili zahanati ilikuwa na ugomvi kila mchana, Bwana Othman akamtisha kumfukuza, na Ngwali akapata tarakimu kumi na mbili za kweli. Alibaki mtu mmoja tu hajamtukana. Alijiambia hapana haja, maana ripoti zake ni nzuri. Kwa hakika alikuwa akiogopa.

Ripoti ya tatu ilitakiwa iende na posta ya Jumamosi. Jumanne alasiri Ngwali alirudi nyumbani, akamkuta mama uwani, kisanduku kifuani, kisu na muhogo mkononi. Akasimama nyuma yake.

"Maulidi ya Chokocho yanayashinda ya Kengeja."

Kisu kiliendelea kumenya. Akasogea, akasema tena. Akasema tena, mpaka akawa anapiga kelele begani kwake. Mama aliona kivuli, akageuka, akamchekea. "Nnasikia, mwanangu."

Ngwali alikifungua kisanduku. Kijiwe kilikuwa kimekufa siku nyingi, kimeota unga wa kijani. Akamwonyesha, akamfanyia ishara: vyengine viko wapi? Bi Mwanawema aliingia ndani, akatoka na kijaluba chake cha tambuu. Vilikuwemo vyote, vimefungwa katika kitambaa kisafi.

"Si vya wagonjwa wako hivi?" alisema. "Ntoto wa ntu ahangaike kuvipata, mie nivimalize kwa kusikiliza kuku?"

Miezi mitatu! Ngwali alikipiga teke kikapu cha muhogo. Alimkasirikia mama, akaikasirikia ile adabu ya watu wote wa Pemba, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe, mpimaji wa masikio ya watu, asiyefungua hata siku moja kisanduku cha mama yake. Alipotulia, akatia kijiwe kipya, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Maulidi ya Chokocho yanayashinda ya Kengeja," alisema kwa sauti ndogo.

Kisu kilianguka. "Chokocho?" Bi Mwanawema alisimama wima. "Chokocho wana maulidi gani, weye?"

Usiku wa Jumatano haukuwa na usingizi. Akiandika kwamba mama amesikia miezi mitatu, cheti ni chake na chombo kinabaki. Lakini alikuwa amechoshwa na "nimesikia". Asingeweza kupeleka nyingine Uingereza tena akiwa ameitia saini yake. Aliandika: mvaaji hakusikia, na mpimaji hakujua. Aliomba apewe miezi mitatu mingine, akijua hawatoi.

Alhamisi alasiri Bi Mwanawema alikwenda maulidini na kisanduku chake. Alirudi uso umemkunjana, buibui hata hakulivua.

"Kaswida yangu wanaikosea!" alifoka. "Mwatum, aliyeshika nafasi yangu, airefusha pasipo refu, miaka yote hii, na hapana ntu aliyenambia!" Aliimba ile sehemu mara tatu pale pale mlangoni, ili Ngwali aone kosa liko wapi. Ngwali alimsikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi asubuhi, miezi mitatu ikiwa imekwisha, mama mwenyewe alikivua chombo, akakifuta, akakitia katika boksi lake. Ngwali alilifunga kwa kamba, akalitia kwapani kulipeleka posta, akasimama kizingitini kumuaga.

Bi Mwanawema alimchekea. "Nnasikia, mwanangu," alisema.

Ngwali alikuwa hajasema kitu bado.