Kanzu ya Aliyefunga Ukingo

Madinah alizaliwa Koboko, katika nyumba ya wanawake wanaosuka tabaga, vile vifuniko vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia chakula ili mgeni ajue, kabla hajaonja, kwamba mwenye nyumba ana adabu. Mama yake alikuwa na sheria moja katika kazi hiyo. Jirani anaweza kukusaidia kusuka katikati, shangazi anaweza kukuchagulia rangi, lakini ukingo unashona mwenyewe. Anayeshona ukingo ndiye mwenye kazi. Walikuwapo wanawake mtaani walionyimana salamu msimu mzima kwa sababu ya ukingo, na hakuna aliyewaona wajinga.

Tabaga zenyewe Madinah hakuziweza. Vidole vyake, mama yake alikiri kwa huzuni, vilikuwa vya nyundo. Basi akaenda kuitafuta nyundo. Aliipata Ombaci, karibu na Arua, kwa seremala mmoja mzee asiyejali tena ni nani anayefagia maranda yake. Akafagia, akashika randa, na hatimaye akarudi Koboko na ufundi wa kutandaza sakafu za mbao, katika mji ambao watu wake walikuwa wameridhika kabisa na saruji. Mjomba wake Asuman aliupokea ufundi huo kama msiba.

"Mwanamke napiga magoti kwa nyumba ya watu siku mzima," alimwambia kila aliyekubali kusikiliza, "na hapana ya swala."

Kisha Hakimu akajenga nyumba. Hakimu anauza unga ng'ambo ya mpaka, na binti yake alikuwa ameposwa na watu wa Arua. Huko kwa wakwe watarajiwa Hakimu alikuwa amekanyaga sakafu ya mbao, akarudi akiwa hawezi tena kuitazama saruji yake bila kuona haya. Akamwita Madinah, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa karibu. Madinah akaitandaza sebule yote kwa mbao za mtiki kutoka Kuluba, zilizokauka vizuri, zikakaa kimya chini ya mguu. Mjomba Asuman alikuja kutafuta kasoro. Alizunguka muda mrefu, kisha akalalamikia hali ya hewa.

Ulibaki ukingo. Kati ya mbao na ukuta fundi huacha nafasi ya upana wa kidole, mbao zipate pa kuvimbia mvua zikija. Nafasi hiyo hufunikwa kwa ubao mwembamba pembeni pote, kisha sakafu inapakwa vanishi, na kazi imefungwa. Hapo ndipo Hakimu alipomwita nje.

"Dada, wewe pumzika sasa. Ukingo, fundi Lino ya Arua atafunga."

"Lino amefanya nini hapa?"

"Bado. Lakini siku ya dua ya nyumba, fundi ya kufunga kazi nasimama mbele ya watu. Wakwe iko. Shehe iko. Fundi navalishwa kanzu. Unajua hiyo desturi."

"Naijua."

"Sasa mimi navalisha wewe kanzu namna gani?"

"Mkono wa kulia kwanza," alisema Madinah.

Hakimu hakucheka. Kanzu, alieleza, ilikuwa imeshanunuliwa, kwa kipimo cha Lino. Hoja hiyo ilionekana kwake kuwa imemaliza mjadala.

Lino aliahidi kufika Alhamisi. Kwa mafundi hiyo ina maana ya Jumamosi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya dua. Asubuhi hiyo wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakikoroga masufuria, Hakimu ameenda stendi kumpokea Lino. Madinah alipita mlango wa mbele na mbao zake nyembamba begani, zote zimeshakatwa kwa kipimo. Hakuna anayemzuia mtu aliyebeba mbao kuingia nyumba mpya.

Akapigilia ukingo kuta zote. Kisha akafungua kopo la vanishi. Hata mwanafunzi anajua kwamba vanishi unaianzia kona ya mbali, ukarudi kinyumenyume, ukatokea mlangoni. Madinah alianzia mlangoni. Hapo alipaka ukanda mpana, kiasi ambacho mtu mzima aliyevaa kanzu hawezi kuruka. Akazunguka kuta kwa ukanda wa kiganja kimoja, akajifungia katikati, akageuza kopo tupu, akalikalia.

Hakimu alifika na Lino, na shehe, na wakwe. Akasimama kizingitini.

"Weye! Nafanya nini ndani? Toka!"

"Nikitoka nakanyaga vanishi. Sakafu ni yako, haji. Niseme bismillahi nikanyage?"

"Hapana, hapana! Kaa!"

"Nimekaa."

Wakwe walianza kuchungulia dirishani. Asuman akapenya mbele. "Madinah, unatia sisi aibu!"

"Pole, mjomba. Ingia basi unitoe."

Asuman aliutazama ukanda ule unaong'aa, akakumbuka viatu vyake vipya, akarudi nyuma.

Ndipo akaja Mariam Poni, mama yake Hakimu, akiegemea fimbo. Naye amesuka tabaga maisha yake yote. Alitazama ukingo kona hadi kona, halafu akamgeukia Lino.

"Wewe ndiyo umefunga hii?"

Lino alikuwa na mkoba wake wa vifaa mkononi, haujafunguliwa. "Mama, kanzu mimi napenda," alisema, "lakini hata nyundo bado sijatoa."

"Hakimu. Huyu ndani iko nani?"

Mkwe mmoja alikohoa. Shehe alisema, kwa upole wa mtu anayesikia harufu ya pilau, kwamba dua husubiri fundi, na fundi lazima atajwe.

"Nani, mwanangu?" aliuliza mama yake.

"Ni fundi," alisema Hakimu.

"Ya nini?"

"Ya sakafu."

"Sema kwa nguvu. Wakwe nasikia vibaya."

"Fundi ya sakafu yangu ni Madinah!" alipiga kelele Hakimu, kwa sauti ya mtu anayetangaza hasara.

Kanzu ilipitishwa dirishani. Madinah aliivaa juu ya gauni lake, mkono wa kulia kwanza. Dua ikasomwa barazani, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuingia, na wakwe, ambao wangekanyaga sakafu ile bila kuiangalia, walishinda madirishani wakiisifu. Chakula chake nacho kilipitia huko huko, chini ya tabaga ya Mariam Poni. Vanishi ilipokauka alitoka kwa mlango wa mbele, na wanaume wakampisha.

Kanzu ile ndiyo anayovaa kazini hadi leo. Mjomba Asuman anasema ni aibu ya pili. Ilikuwa ndefu mno, kipimo cha Lino, Madinah akaikata chini. Fundi cherehani wa sokoni alijitolea kumshonea pindo. Madinah alimshukuru, akamwomba sindano tu.