Saa yangu ya mazoezi ilisema presha ya Mama Mkubwa iko sawa, nikaiamini

Wakuu, salaam kwenu wote.

Nimekaa na hili tangu msimu wa korosho uliopita. Nimeliandika na kulifuta mara nyingi, maana kila nikilisoma naona nimejipunguzia kosa. Leo nalituma kama lilivyotokea.

Nianze na kosa lenyewe, msome mkiwa mnalijua.

Siku nilipoiwasha smartwatch yangu mara ya kwanza, app iliniuliza presha yangu ya kawaida ni ngapi. Sikuwa naijua, sijawahi kupimwa. Nikatafuta mtandaoni presha ya mtu mwenye afya, nikaandika 120 kwa 80, nikabonyeza kuendelea.

Basi. Sekunde chache tu.

Mimi ni kijana wa Mtwara mjini, nafanya kazi stationery. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu za mtandaoni. Kutwa nimekaa. Na ni mtu wa wasiwasi. Naweza kufunga mlango nikarudi mara tatu kuuangalia. Barua ya mteja ikiwa na nafasi moja iliyozidi naichapa upya, hata mwenyewe akisema inatosha.

Moyo ulipoanza kunidunda bila sababu, nikaamua kufanya mazoezi. Mwalimu sikuwa naye. Yoga nilijifunza kwenye video, chumbani, juu ya mkeka. Hatua nilijiwekea elfu kumi kwa siku. Saa ikionyesha 9,800 nilikuwa nazunguka kitanda mpaka zitimie. Hata siku nina homa nilizunguka, streak, yaani mfululizo wa siku nilizotimiza, isikatike.

Asiye mtu wa namna hii atacheka. Aliye hivi ananielewa.

Sasa, Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Anaishi kijiji kimoja upande wa Nanyamba, ana mikorosho yake. Msimu ukifika huwa naenda kila mwisho wa wiki kumsaidia kuokota.

Asubuhi moja alinikuta uani niko kwenye lile pozi la mtoto, magoti chini, paji la uso kwenye mkeka. Akasimama na ufagio wake.

"Baba, unamsujudia nani huko? Kibla huku."

Nikamweleza kuwa ni mazoezi. Akataka kuona mengine. Nikamwonyesha lile la kuinama na kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti, ambalo lilikuwa bado linanishinda. Akainama, akalaza viganja vyote chini, akaokota na kijiti. Akasema hiyo si ndiyo kazi yake tangu akiwa msichana, na hakuna aliyewahi kumpiga video.

Tulicheka sana siku ile.

Mama Mkubwa ana presha. Alikuwa anameza vidonge vya kliniki kila asubuhi. Shida yake, vilikuwa vinampeleka haja ndogo mara kwa mara. Uko shambani na vibarua wanaume, kila baada ya muda mfupi unatafuta kichaka. Ilimtesa. Lakini kumweleza nesi aliona haya, akasema yule binti ni mdogo kama mjukuu wake. Akanieleza mimi.

Nikamvalisha saa. 121 kwa 79.

Mchana 118 kwa 80. Jioni 120 kwa 80.

Nikamfundisha kupumua kwa utaratibu, kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita. Nikampima baada ya hapo, 119 kwa 79. Nikatengeneza jedwali kwenye simu, kila namba nzuri naipaka kijani. Wakuu, lilikuwa kijani tupu. Sijawahi kuwa na jedwali zuri kama lile.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza inakuwaje mama wa umri ule, mwenye presha ya miaka mingi, atoe namba za kijana wa mpira. Mimi nilijisifu. Nikaona ni yoga yangu.

Wiki ya tatu akaniuliza, "Sasa kama saa yako inasema niko sawa, hivi vidonge navimeza vya nini?"

Hakuna aliyenilazimisha kujibu.

"Vipumzishe kwanza, Mama. Tuendelee na kupumua, namba nitakuwa naziangalia mimi."

Nikamwachia saa nikarudi mjini. Streak yangu ilikatika, na nilijiona nimefanya jambo kubwa la upendo.

Katikati ya wiki akanipigia kwamba kisogo kinamuuma. Nikamwambia abonyeze saa anisomee. Ikawa 120 kwa 81. Nikamwambia hilo ni jua, anywe maji.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunaokota, yeye mti wake, mimi wangu. Unachukua bibo, lile tunda la mkorosho, unanyonga korosho, unaitupa kwenye ndoo. Nikaona kwenye ndoo yake kumekuwa kimya. Nilipogeuka, alikuwa ameinama anajaribu kuokota bibo moja. Mkono wa kulia unapita juu yake, haulishiki. Nikamwita. Akajibu kitu ambacho hakikuwa neno.

Nikakimbia. Na hapa ndipo pananitesa kuliko pengine pote. Nilipomfikia sikumshika kwanza. Nilimgeuza mkono, nikasoma saa.

120 kwa 80.

Alianguka nikiwa bado naisoma.

Tulimbeba kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mpaka hospitali anakohudhuria kliniki. Tukamkuta nesi yuleyule anayemwonea haya. Akamfunga kile kipimo cha kujaza upepo mkononi, akapima, akahamia mkono wa pili, kisha akaenda kumwita daktari bila kutaja namba. Niliisoma kwenye kioo. 214 kwa 122.

Aliporudi akauliza nani amemwachisha dawa. Nilikuwa nimesimama palepale.

Mama Mkubwa, mdomo umevutwa upande, akajikaza kusema. "Nilisahau mwenyewe."

Nesi akaandika hivyo, nami nikamwacha aandike.

Kwenye benchi nje nilifungua app nikaanza kupekua. Nikaikuta ile 120 kwa 80 niliyoandika siku ya kwanza, na chini yake maelezo kwamba makadirio yote yanaanzia hapo. Nikaifunga saa kwenye chupa yangu ya maji. Ikapima. 119 kwa 80.

Kiharusi. Upande wa kulia.

Dada Sharifa, binti yake, alikuja kutoka Masasi kumuuguza. Kila akimlisha alikuwa anamlaumu kwa upole, "Mama, kumeza kidonge tu nako kulikushinda?" Mama Mkubwa ananitazama, halafu anatazama ukutani. Siku kumi na sita nilikaa nikiliona hilo.

Ya kumi na saba nikamfuata Sharifa uani akiwa anafua, nikamweleza yote, pamoja na jedwali.

"Ulisomea wapi udaktari, mdogo wangu?"

"Sikusomea."

Akaendelea kusuuza kanga.

Baadaye Sharifa alimweleza nesi ile shida ya haja ndogo. Daktari akabadilisha dawa. Halikuchukua hata nusu saa.

Nilichojifunza wakuu, yoga haina kosa, na saa ya kuhesabu hatua ihesabu hatua zako. Presha ipimwe kwa kipimo cha kliniki, na dawa ikikusumbua rudi kwa aliyekupa, hata kama unaona haya. Na ninyi wenzangu mnaojifunza kila kitu wenyewe, jedwali likiwa zuri sana, liogopeni.

Kama kuna aliyewahi kumuumiza mtu wake kwa kujua nusu, naomba aandike hapa aliishi vipi na watu wa nyumbani baada ya hapo. Wa kunisema pia waniseme, nitasoma zote.

Hali ilivyo sasa, Mama Mkubwa anatembea kwa fimbo na mkono wa kulia haushiki kitu. Sharifa amehamia kwake moja kwa moja. Korosho naokota mimi. Vidonge Sharifa anavifungia kabatini, na asubuhi anapompa mama yake, mimi huambiwa nisubiri nje.