Siku Niliyojitoa Kwenye Wingu

Ujumbe uliingia nikiwa naanika kahawa. Hifadhi yako imejaa, ulisema, ongeza nafasi. Nilikuwa nimeongeza nafasi mwaka uliotangulia, na mwaka wa nyuma yake pia, na kila mwezi walikuwa wanakata hela kwenye laini yangu bila hata kunisalimia. Nikaiweka simu juu ya turubai katikati ya kahawa, nikasema kwa sauti, peke yangu uani, kwamba safari hii basi. Hifadhi hiyo hata ingekuwa ng'ombe, ingekuwa imeshashiba.

Wenye kampuni hifadhi hiyo ya picha na sauti za simu wanaiita wingu. Mimi nimezaliwa Maguu, juu milimani, mawingu nayajua, yanaingia mpaka jikoni, na hakuna hata moja lililowahi kunidai ada.

Kilicholijaza nilikijua. Misiba. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikajinunulia simu yenye kamera nzuri, kosa ninalolijutia hadi leo. Tangu hapo ukoo mzima, wa milimani na wa ziwani, wakiwa na mazishi hakuna anayeniuliza kama ninajisikia kupiga picha. Nikifika tu, kabla sijakaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, mtu ananiuliza, Mwalimu, simu ipo? Basi napiga picha jeneza, napiga picha padri, narekodi wasifu wa marehemu kuanzia alipobatizwa, maana wapo ndugu walioko mbali na wanataka kuona kila kitu mpaka shada la mwisho. Siku tatu baadaye ndugu wale wale wananitumia kwenye kundi la ukoo maua ya waridi yenye maandishi ya asubuhi njema. Vyote vinapanda kwenye wingu vyenyewe, maua na majeneza.

Ningekuwa nimeshajitoa siku nyingi. Kilichonizuia ni sekunde kumi na moja.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe huko Ngaka. Alhamisi moja alinitumia sauti kwenye simu ili nimsikilizishe Mama, kwa sababu Mama ana kitochi kisichopokea vitu hivyo. "Dada, mwambie Mama Jumamosi nafika. Asichinje kuku, namletea mbasa wa ziwani." Nyuma yake unasikia lori linaunguruma, mtu anamwita, na yeye anacheka. Jumamosi hakufika. Homa ilimkamata Ijumaa, na Jumatano tulimzika. Simu niliyoipokelea sauti hiyo niliiangusha ziwani Mbamba Bay, nikishuka kwenye boti kwenda kwenye msiba wa watu wengine, na sauti ya mdogo wangu ikabaki kwenye wingu tu.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama yangu. Hajawahi hata siku moja kuniambia njoo. Kwetu mzazi haombi kutembelewa, ataonekana anamshtaki mtoto wake kwa majirani. Anaagiza kitu. Chumvi imeisha. Sabuni imeisha. Unafunga safari na chumvi yako, unafika, rafuni unakuta pakiti nne hazijaguswa. Ukiuliza, anakujibu kwamba hizo ni za zamani, kana kwamba chumvi inachacha. Nimegombana naye juu ya chumvi hiyo tangu nilipoolewa. Mdogo wangu alipofariki, akaacha kuagiza chumvi. Akaanza kuagiza sauti. Katikati ya wiki ananipigia: Jumapili usisahau ile sauti. Basi kila Jumapili mimi na mgongo wangu mbovu tunapanda bodaboda kutoka Mbinga mjini mpaka Maguu, tunasali, tunasimama nyuma ya kanisa penye mtandao, namwekea simu sikioni. Sekunde kumi na moja. Kisha tunarudi nyumbani kula, na mimi nakaa pale hadi jioni nikimenya maharage na kulalamika.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa hivi: nitoe sauti ile kwenye wingu, niiweke kwenye kitochi cha Mama, halafu nijitoe. Yeye ataisikiliza hata mara mia kwa siku, na mgongo wangu utapumzika. Niliona nina akili kweli.

Kosa la pili lilikuwa kulitangazia kundi la ukoo. Niliandika kistaarabu kwamba picha zitafutika, mwenye wafu wake aje kuwachukua kabla ya Jumamosi. Simu ya kwanza ilitoka Chiwanda, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko ziwani. Akataka kujua nani amenipa ruhusa ya kumzika mume wake mara ya pili. Akasema jambo kama hilo halifanywi na mtu mmoja, linakaliwa kikao, na kikao hicho kifanyike baada ya mavuno ili watu wapate cha kula. Nikamwambia, Shangazi, shikamoo, nakuheshimu sana, lakini mimi si makaburi ya ukoo. Akanikatia simu. Wengine walinitumia vikatuni vya kulia. Jumamosi ilifika na hakuna aliyekuja kuchukua chochote, ila mmoja alituma waridi.

Nikaenda kwa fundi simu pale stendi, mama wa watoto watatu niliyemfundisha kusoma akiwa hana meno ya mbele. Akaniamkia, akanipa benchi, tukaanza. Jamani, kuingia ilikuwa kubonyeza mara moja. Kutoka, hata posa haina maswali mengi hivyo. Kitufe cha kubaki kilikuwa kikubwa, cha bluu. Cha kutoka walikiandika kwa maandishi ya kijivu chini kabisa, mahali ambapo mtu wa umri wangu haoni. Tukakibonyeza. Wakauliza kwa nini unaondoka, wakatoa orodha ya sababu, na msiba haumo. Wakasema subiri, tukupunguzie bei. Tukakataa. Wakasema watatuma namba za siri, zikaja muda wake umeshapita. Tukaomba nyingine. Wakauliza kama nina uhakika. Nilianza kuijibu simu kwa sauti, watu wakanigeukia. Mwishoni wakaonya kwamba vitu vyangu vitafutwa, na hapo fundi akaniondoa mkono taratibu. "Mwalimu, tuitafute kwanza ile sauti."

Ilikuwa imezikwa humo ndani. Kila sauti jina lake namba tu, mkia mrefu wa namba. Tulisikiliza kwaya. Tulisikiliza mtoto wa mtu akilia ubatizo mzima. Tulimsikiliza mjomba akisoma orodha ya rambirambi na kukohoa kila baada ya jina. Wateja walikuja, wakasubiri, wakaondoka. Niliona aibu, halafu nikaona hasira kwa kuona aibu. Saa nane mchana, baada ya tangazo la kikao fulani cha harusi, ikasema "Dada." Nililia pale stendi mbele za watu, nisidanganye, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Aliihamishia kwenye memori kadi ndogo kuliko ukucha, tukaijaribu kwenye simu yake, ikalia vizuri. Ndipo nikakibonyeza kitufe cha mwisho, nacho cha kijivu, kwa kidole changu mwenyewe. Wakaandika kwamba wanasikitika kunipoteza. Nikamwambia fundi hao hawanijui hata sura.

Jumapili hiyo nilipanda Maguu moyo mweupe. Baada ya misa sikumpeleka Mama nyuma ya kanisa, nikamwongoza moja kwa moja nyumbani, nikamkalisha, nikaingiza kadi kwenye kitochi chake. Macho yake yamepungua, kwa hiyo nilibandika kipande cha plasta kwenye kitufe ili akipapase. Nikamfundisha kama darasa la kwanza. Bonyeza hapa, Mama, wakati wowote, hata mimi nisipokuwepo.

Akabonyeza. Mdogo wangu akasema maneno yake. Nilimwangalia Mama, nikaona midomo yake inakwenda pamoja naye, neno kwa neno, kuku, mbasa, na alipofika pale pa kucheka, Mama alitangulia kutabasamu kabla ya mtoto wake. Nikangoja shukrani yangu.

Akanirudishia simu.

"Hii nimeishika kichwani tangu mwaka ule ule, mwanangu," akasema. "Sasa wewe utakuwa unakuja na nini?"

Nilikuwa na maneno ya wiki nzima, ya vitufe na ya shangazi na ya mgongo, yote nikayaweka kando. Nikaigeuza ile simu, nikafungua mfuniko, nikachomoa kadi na kuifunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia inakwaruza kidogo, fundi hakuifanya vizuri, nitairudisha kwake na kuileta Jumapili ijayo.

Mama akaitikia kwa kichwa, akavuta ungo wa maharage karibu yangu.

"Na chumvi imeisha," akasema.

Rafuni kulikuwa na pakiti tatu. Nikamwambia nitaleta.