Kinyago cha Mdakaji wa Kyabalogo

Protas ndiye aliyekiona kwanza. Ilikuwa Ijumaa ya kupiga dawa ya kunguni, siku ambayo kila mtu katika lile jengo la wafanyakazi kule Al Quoz, Dubai, hutoa vyake vyote nje, aibu zake zikiwamo. Mvunguni mwa kitanda cha Ronnie likatoka begi, zipu ikafumuka, na kikachungulia kinyago cha waya mweusi chenye mikanda ya ngozi iliyokauka.

"Bwana Ronnie, hili tundu la kuku unalilalia la nini?"

Protas alikuwa Mtanzania, fundi wa kupaka rangi, na mdomo wake haukujua likizo. Ronnie hakucheka. Alikisukuma ndani, akasema ni kitu cha mchezo wa zamani. Huo ulikuwa mwaka 2016, na yeye alikuwa na miaka minne Dubai, mlinzi wa ghala kule Freezone, eneo la biashara huria la uwanja wa ndege. Miaka yote hiyo alikuwa akilala juu ya mali isiyokuwa yake.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mtu akiniambia haujui sitamcheka, maana hata Uganda, kwao Ronnie, waujuao si wengi. Ulifika Chuo cha Ualimu cha Kyabalogo, alikokuja kusoma Ronnie, mwaka 2004, ndani ya gunia la mwalimu wa kujitolea kutoka Japani: glavu kumi na moja, magongo mawili, mipira, na kinyago kimoja. Wanafunzi wakafyeka majani nyuma ya bweni, wakapima uwanja kwa hatua, wakaanza. Mjapani akarudi kwao, mchezo ukabaki. Na kwa kuwa stoo ya chuo ilivunjwa mara mbili mwaka wa kwanza, ikawekwa kanuni kwamba kila kifaa kinalala kwa mchezaji wake, na anayemaliza masomo anamkabidhi anayemfuata, mkono kwa mkono, mbele ya timu nzima.

Kinyago kilikuwa na heshima yake. Ni cha mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayotupwa kwa nguvu zote, uso wake ukiwa mbele kabisa. Anayekipokea hutaja majina ya wote waliokivaa kabla yake, na kila jina lina mkia. Herbert, aliyekivaa wa kwanza. Nuwa, aliyevunjika kidole asitoke. Jaafar, aliyedaka na homa. Mkia wa anayekabidhi hutungwa na anayepokea, na ukishatamkwa haubadilishwi hadi kiama. Wapo vijana Kyabalogo walioishi kwa adabu miaka miwili kwa kuogopa mkia tu.

Ronnie alikuwa wa nne, na mkia wake alikwisha kujichagulia mwenyewe. Katika fainali ya vyuo mwaka 2011, jitu la watu lilimjia mbio kutafuta pointi ya ushindi, naye akasimama palepale njiani mwake na mpira mkononi, wakagongana, wakaanguka, mpira haukumtoka. Ronnie, aliyeziba mlango. Alilisema hilo peke yake bafuni, kwa sauti.

Halafu Machi 2012, miezi miwili kabla ya siku ya kukabidhi, wakala akapiga simu. Viza imetoka, ndege kesho jioni. Ronnie aliacha masomo kama mtu anayeacha sufuria jikoni. Kinyago kilikuwa kiende kwa Swaibu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Mbale, kijana mpole mwenye mikono myepesi. Bweni la Swaibu lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka kwa shangazi yake Ronnie, alikokuwa akiishi. Ronnie alikitazama kinyago, akajiambia mila hairuhusu kukabidhiana vichochoroni, lazima timu isimame, lazima majina yatajwe. Mkataba ni wa miaka miwili tu, nitarudi nimkabidhi kwa heshima. Akakitia begini.

Uongo ule ulikuwa umevaa kanzu ya mila, na ndio maana ulimpendeza. Ukweli ni kwamba alikipenda, na alijua akikiachia atakuwa amekwisha kuwa mdakaji.

Nahodha alipompigia kuuliza kinyago kiko wapi, Ronnie alijibu kwamba wezi walivunja nyumba ya shangazi yake. Jibu lilimtoka jepesi kuliko salamu. Timu ikasikitika, ikaanza msimu bila kinyago. Mwaka uliofuata mpira uliparazwa na gongo, ukapinda, ukampata Swaibu kwenye jicho la kushoto. Ronnie alizisoma habari hizo kwenye simu akiwa zamu. Akaandika: "Pole sana ndugu yangu, Mungu ni mwema." Mwaka 2014 alipata likizo, akaenda kwao mwezi mzima, kinyago akakiacha Al Quoz. Kyabalogo hakukanyaga. Aliona haya, na haya ikishakomaa huwa nzito kuliko kosa lenyewe.

Wiki moja baada ya ile Ijumaa ya kunguni, Swaibu akatua Dubai kwa viza ya matembezi.

"Kaka Ronnie," alisema kwenye simu, "huku simjui mtu ila wewe."

Ronnie alimpokea, akamtafutia pa kulala, akamwombea usaili wa ulinzi katika kampuni yake. Swaibu alipita maswali, akapita mbio, akapita Kiingereza. Likabaki jicho. Kwa kumtazama usingejua, isipokuwa alikuwa na tabia ya kugeuza kichwa kidogo anapokusikiliza. Kwa siku tatu Ronnie alimkaririsha herufi za ubao wa daktari kama alivyozikumbuka yeye mwenyewe, mstari kwa mstari. Alitaka Swaibu apite kuliko alivyowahi kutaka chochote. Akipita, alijiambia, lile begi linaweza kukaa kimya milele.

Kule zahanati, mtaa wa Oud Metha, daktari alifunika jicho la kulia, akabadilisha ubao.

Walikaa kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, mbele ya vikombe viwili vya chai ya maziwa.

"Khalas, imekwisha," Swaibu alisema. "Ameandika sifai. Wameniambia nisirudi tena."

"Tutajaribu usafi. Au jikoni."

"Viza imebaki siku tisa, kaka. Mke wangu ameuza cherehani ili nije." Aligeuza kichwa, akamtazama Ronnie kwa lile jicho zima. "Unajua, yule mwizi wa kwa shangazi yako mimi simlaani. Labda alikuwa na njaa. Labda alikiuza chuma chakavu, watoto wakapata posho. Nikiwaza hivyo, nalala."

Angemlaani, Ronnie angevumilia. Msamaha ule uliokosea mlango ndio uliomvunja. "Twende chumbani," alisema.

Protas alikuwa kitandani akikata kucha. Ronnie alivuta begi, akatoa kinyago, akakishika kwa mikono miwili.

"Hakikuibwa," alisema. "Nilikuja nacho. Nilidanganya."

Swaibu alinyoosha kidole, akaugusa waya wa upande wa kushoto, pale ambapo lingekuwa jicho lake, akaipitisha ncha ya kidole juu hadi chini.

"Mimi namuuliza kila siku tundu hili analilalia la nini," Protas alisema, kisha akaziona sura zao, akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Nataka kukukabidhi," Ronnie alisema. "Taja majina. Nipe mkia wangu, wowote, nimeukubali."

Swaibu alikipokea. "Herbert, aliyekivaa wa kwanza," alisema taratibu. "Nuwa, aliyevunjika kidole asitoke. Jaafar, aliyedaka na homa." Hapo akasimama. "Wako nitausema uwanjani. Hapa hapana timu. Si wewe uliyesema lazima timu isimame?"

Siku ya nane Ronnie alimsindikiza uwanja wa ndege. Aliomba radhi njia nzima, Swaibu akawa anajibu "sawa, kaka", kama mtu anayemjibu mtoto. Walipoagana alimshika mkono vizuri, kwa heshima zote, na hilo lilimuuma Ronnie kuliko kofi.

Miezi miwili ikapita. Ronnie alianza kutumaini. Huyu ni mtu wa dini, alijiambia, ana huruma, pengine ataukumbuka mlango wa 2011.

Ujumbe wa sauti uliingia asubuhi, basi la kampuni likiwa limekwama kwenye foleni. Chini yake Swaibu alikuwa ameandika maneno mawili: "Usikilize wote." Ronnie alichomeka visikizio masikioni. Akasikia upepo, jogoo wa mtu, vijana wakiambiwa wajipange. Kisha sauti changa ya mdakaji mpya, Mubarak, kijana ambaye Ronnie hakuwahi kumwona, ikisoma kama mtu aliyefundishwa vizuri.

"Herbert, aliyekivaa wa kwanza. Nuwa, aliyevunjika kidole asitoke. Jaafar, aliyedaka na homa. Ronnie, aliyekilalia. Swaibu, aliyedaka uso mtupu."

Wakapiga makofi, wote, yakiwemo ya jina lake.

Alirudia kusikiliza mara tatu. Hakukuwa na matusi ndani yake, wala chumvi. Kila baada ya miaka miwili, vijana ambao leo bado wanajifunza kutembea watasimama kwenye uwanja ule na kumtaja, na atakapokuwa amekufa na watoto wake wamesahau kaburi, Kyabalogo haitasahau. Alikuwa ametaka sana kukumbukwa. Alilia kidogo, uso kwenye kioo cha dirisha, na jirani yake kwenye kiti akajifanya amelala.

Basi likafika Freezone. Ronnie alijifuta, akaweka kofia sawa, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akashuka kwenda kulinda mali ya watu.